Wakaguzi wa Nyimbo: Jioni ya Kantri Katika Baa Ndogo ya Nakuru

Ndugu zangu wa Kisauni hawaniamini nikiwaambia kwamba huku Nakuru kuna wazee wenye ng'ombe wa maziwa na wajukuu walio chuo kikuu, ambao Jumapili wakitoka kanisani huvaa kofia pana za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakaenda kukaa baa na kumsikiliza mtu akiimba habari za Tennessee. Wanadhani natia chumvi. Nami siwalaumu. Nilipohamia huku mwaka 2014, utalii umeanguka na bendi za hoteli kule Pwani zinavunjika moja baada ya nyingine, kantri kwangu ilikuwa muziki wa matangazo ya vifo: sauti nzito ya Mmarekani Jim Reeves, halafu jina la marehemu, wanawe, wakwe zake, na saa ya mwili kuondoka mochari.

Mimi napiga besi. Nimekulia kwenye bango na chakacha, midundo ya dansi ya kwetu Pwani, nikaingia kazi ya hoteli nikiwa kijana, na huko nilipiga kila kitu: rumba, rege, nyimbo za kukaribisha wageni zenye Kiswahili cha maneno kumi. Kazi ya besi kwenye bendi ya hoteli ni kuwang'oa watu vitini. Maneno ni pambo tu. Mtalii aliyetoka Hamburg hajui unaimba nini, na mwimbaji akisahau ubeti wa pili anaurudia wa kwanza, wala hakuna atakayekwenda mapokezi kudai arudishiwe pesa.

Bendi niliyoipata Nakuru ni ya watu wanne. Kiongozi tunamwita Mwalimu, maana alifundisha hesabu shule ya msingi kabla ya kuweka chaki chini. Anaimba na kupiga gita kavu. Gita la solo anapiga kijana wa upande wa Kakamega, kule alikotoka mpiga gita George Mukabi na ile staili ya omutibo, ambapo kidole gumba kinashughulika na nyuzi nene, kikipiga huu kisha ule, huku wimbo ukibebwa kwenye nyuzi nyembamba. Mpiga gita Merle Travis wa Kentucky, Marekani, alipiga kwa njia iliyo karibu sana na hiyo. Kijana wetu hakuhitaji kufundishwa kantri. Alihitaji kuambiwa tu kwamba anachokijua tayari kina jina lingine ng'ambo. Dramu anapiga Mkipsigi wa Kapkatet, mtu mkimya mwenye brashi badala ya vijiti, na stori yake inakuja.

Mwalimu hatuandikii noti. Anainua vidole. Kordi ni noti kadhaa zinazolia pamoja: ya nyumbani ya wimbo ni moja, ukihesabu kupanda ngazi unapata ya nne na ya tano, na nyimbo nyingi za kantri zinaishi humo humo katika tatu hizo. Mkono wake wa kulia unaachia nyuzi kwa nusu sekunde, vidole vinne vinaonekana, sote tunahamia ya nne. Anapenda kueleza kwamba utaratibu huu ulianzia studio za Nashville, mji wa kantri kule Tennessee, mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwamba Neal Matthews wa kundi la Jordanaires ndiye aliyeanza kuandika kordi kwa namba, ili mwimbaji akitaka wimbo upandishwe au ushushwe, pasiwe na karatasi ya kuandika upya. Kwa baa ndogo ni uokozi. Mteja akiomba wimbo ambao wawili kati yetu hatujawahi kuusikia, tunakodolea macho mkono wa Mwalimu na tunafika salama.

Besi yenyewe ni noti mbili. Katika mapigo manne unapiga la kwanza na la tatu: mzizi wa kordi, kisha ya tano yake. Bum, nafasi, bum, nafasi. Mtu aliyelelewa na chakacha vidole vinamwasha kwenye zile nafasi, anataka kuzijaza. Siku ya kwanza ya mazoezi Mwalimu aliniambia, "Kaka, hapo katikati ndipo neno linapopita. Liachie njia." Nilidhani ni lugha ya mwalimu mstaafu. Nimekuja kuona kwamba ni maelezo ya kazi, kama fundi wa mabomba anavyokuambia usiweke kabati mbele ya koki.

Baa yetu iko kando ya barabara kuu iendayo Eldoret. Ni nyumba ya mabati yenye kaunta iliyozungushiwa nondo na kidirisha cha kupitishia chupa, viti vya plastiki, makochi mawili ambayo wenyewe wanajulikana na hakuna mgeni anayeruhusiwa kuyakalia, na jiko la choma nyuma. Swali la kwanza la mhudumu ni "baridi ama moto?" Mgeni wa Pwani hushangaa kusikia kuna mtu anayeagiza bia ya moto, lakini kaa Nakuru mwezi wa Julai usiku, utaelewa. Mwenye baa ni mama mmoja wa makamo tunayemwita Madam. Sheria ya pombe ya mwaka 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, inamruhusu kufungua saa nane mchana siku za wikendi na kufunga saa tano usiku, naye huifuata kwa dakika. Sisi tunaanza saa kumi. Televisheni inabaki inawaka bila sauti kwa ajili ya mpira wa Uingereza. Hayo ndiyo makubaliano, na ndiyo maana unaweza kuwa katikati ya wimbo wa mjane anayelia kaburini, ghafla nusu ya baa ikainuka na kupiga mayowe kwa furaha.

Nilichukua muda kuelewa kwa nini watu hawa wanaupenda muziki huu. Jibu la haraka ni redio. Wengi wao waliusikia enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijageuka KBC mwaka 1989, na kwenye santuri za baba zao. Lakini redio ilipiga mengi, na mengi yamesahaulika. Nadhani siri iko kwenye matamshi. Jim Reeves alianza kwa kuimba kwa sauti kubwa kama wenzake, kisha mwaka 1957 akabadilika: akaishusha sauti, akasogeza midomo mpaka ikakaribia kugusa maiki, akaimba kama mtu anayeongea na mwenzake chumbani. Don Williams naye hakuwahi kumkaripia mtu kwa wimbo, na alipofika Harare mwaka 1997 alikuta watu wanaojua kila neno. Kwa msikilizaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, mwimbaji wa aina hiyo ni mwalimu mzuri. Husikii kelele, unasikia sentensi. Na ukiisikia sentensi, unaanza kuipima.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Wateja wetu hawasikilizi nyimbo tu, wanazikagua.

Jumapili ninayoisimulia ilikuwa ya Aprili. Tulifunga waya, tukajaribu maiki, na Mwalimu akaanza na nyimbo za Mmarekani Charley Pride kupasha moto. Kwenye kochi la kushoto alikaa mzee aliyestaafu reli, zamani gadi wa treni, kofia yake pana juu ya goti. Kando ya mlango dereva wa trela, ambaye safari zake ni Mombasa na Malaba, mpakani na Uganda, na ambaye huliacha lori kwenye kituo cha malori cha Salgaa akaja kwa matatu. Karibu na kaunta mama fundi wa cherehani na shoga yake, chupa mbili za moto na sahani ya mutura, ile soseji ya matumbo, kati yao. Wengine walikuwa wa kawaida: mkulima wa Njoro, wakili mmoja, vijana wachache waliokuja kwa ajili ya mpira.

Wimbo wa nne au wa tano ulikuwa ule wa Kenny Rogers wa mwaka 1978, wa mzee mcheza karata anayempa mwenzake ushauri ndani ya treni usiku, kisha anakufa kabla hakujapambazuka. Huo hauepukiki. Rogers alifariki tarehe 20 Machi 2020, siku zilezile baa zilipokuwa zikifungwa kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa mwishoni mwa Septemba ndio wimbo ulioombwa na kila meza. Tukaupiga vizuri, Mwalimu akapandisha kordi nusu hatua kwenye ubeti wa mwisho kama ilivyo desturi, watu wakaimba kiitikio. Tulipomaliza, mzee wa reli akainua mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, huo wimbo ni mtamu, lakini kila mara unanisumbua. Unasema treni haina iendako. Treni isiyo na iendako haiondoki stesheni. Stesheni masta atampa dereva kibali cha kwenda wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na yule mzee aliyefia behewani, gadi aliandika ripoti kituo gani? Maana maiti huwezi kukaa nayo mpaka mwisho wa safari."

Wakili akajaribu kumweleza kwamba ni fumbo, kwamba treni ni maisha. Mzee akamtazama kwa huruma. "Wakili, najua ni fumbo. Lakini hata fumbo lipande treni ya kweli."

Nimelichukua lile neno likawa langu. Hotelini hakuna aliyewahi kuuliza kama mambo ya wimbo yanawezekana. Hapa mtu aliyefanya kazi relini anaingia ndani ya wimbo na taa yake, anakagua magurudumu, na bado Jumapili ijayo atauomba tena. Ukosoaji wake haumzuii kuupenda. Anaona una thamani ya kurekebishwa.

Mama fundi ndiye aliyenionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Aliomba ule wimbo wa Dolly Parton wa mwaka 1971, wa koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya matambara walipokuwa maskini milimani Tennessee, akalivaa shuleni, watoto wakamcheka. Mwalimu huuimba kwa sauti yake ya kiume bila kubadilisha kitu, na haumletei shida. Ni wimbo unaohitaji utulivu. Hapo ndipo noti mbili za besi zinapopata kazi: ukiongeza ya tatu, umemfunika mama mwenye sindano. Niliziacha nafasi wazi. Dramu alikuwa anafagia tu kwa brashi.

Ulipofika ubeti wa watoto kucheka, mama fundi akainuka. Akatembea polepole mpaka mbele, akachomeka noti ya shilingi mia mbili kwenye nyuzi pale kichwani mwa gita la Mwalimu, akasimama hapo hapo mpaka wimbo ukaisha.

Mwili ulinisisimka, kwa sababu nalijua tendo hilo tangu utotoni. Kwetu ni kutuza. Kwenye taarabu mama anakaa kimya nyimbo tatu, mwimbaji anafika kwenye ubeti mmoja, mama anainuka na noti yake mkononi, anacheza taratibu hadi jukwaani, na ukumbi mzima unajua kwamba ubeti ule umemfikia, au kwamba yeye anautuma umfikie mtu mwingine aliyekaa meza ya tatu. Anayetuza anatia sahihi kwenye maneno. Kwa miaka yote ya hoteli nilikuwa nimeliacha hilo nyuma, nikaja kulikuta Bonde la Ufa, mbele ya wimbo wa Kimarekani, kwa mama Mkikuyu mwenye mutura. Tofauti niliyoiona ni moja. Taarabu ina mtu anayelengwa. Ile noti ina anwani. Huku noti haikwenda kwa jirani yeyote. Ilikwenda nyuma, kwa mtu ambaye sisi hatukumwona.

Halafu alipokuwa anarudi kitini akageuka, akasema kwa sauti ya kikazi kabisa: "Lakini Mwalimu, matambara ya aina mbalimbali ukiyashona pamoja, ukifua mara ya kwanza mengine yanarudi, mengine hayarudi. Koti linapinda. Huyo mama aliyaloweka kwanza. Mngesema hivyo." Shoga yake akaunga mkono. Wakaanza kubishana kama alitumia mkono au mashine, na pindo alilifungaje bila ovaloku.

Saa kumi na mbili mvua ikateremka. Nani asiyeijua mvua ya Aprili chini ya mabati? Ukipandisha sauti, spika zinaanza kupiga miluzi na bado hakuna anayesikia. Nimewahi kufanya kazi na bendi ambazo hushindana na mvua, na mvua haijawahi kushindwa. Mwalimu yeye huzima amplifaya, anaegemeza gita ukutani, anazunguka meza kwa meza akiuliza watu wanataka nini, huku Madam akitabasamu nyuma ya nondo zake, maana kwa mvua hiyo hakuna anayeondoka na jiko la choma halipumziki.

Ndipo mpiga dramu wetu, ambaye kwa kawaida husema sentensi mbili kwa jioni, akavuta kiti kwenye meza ya vijana wa mpira. Mmoja wao alikuwa amesema, kwa dharau kidogo, kwamba wazee wanaiga mambo ya wazungu ya juzi. Akamwuliza kama amewahi kusikia habari za Chemirocha.

Hajasikia. Basi akamwambia. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, kijijini kwao, na mashine ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakamwimbia wimbo kwa kinubi chao kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swala, wakimwalika aje acheze nao. Na Chemirocha huyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye wenzake humwita baba wa kantri, aliyerekodi nyimbo zake za kwanza Bristol, Tennessee, mwaka 1927, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika vijijini na gramafoni. Watu wakasikia sauti inayopanda na kuvunjika kooni, wakajiuliza ni mnyama gani huyu anayeimba vizuri hivi, wakampa mwili na jina, wakamtungia wimbo.

"Kwa hivyo bibi zetu walikuwa wanaimba habari za kantri kabla baba yako hajazaliwa," akamaliza, akanyamaza tena kama kawaida yake.

Mzee wa reli alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kochi. "Huyo Rodgers alikuwa anafanya kazi gani?"

"Reli," akajibu mpiga dramu. "Alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo."

"Breki!" Mzee akapiga goti kwa kofia. "Huyo ni mwenzangu. Huyo hawezi kukuambia treni haina iendako." Akaagiza bia moja ipelekwe kwa mpiga dramu. Ya moto.

Nikae hapo kidogo. Najua kantri ina majukwaa makubwa zaidi. Elvis Otieno, yule Sir Elvis, na Esther Konkara wameubeba muziki huu mpaka umeheshimika Nairobi, na nawavulia kofia, kofia ya kweli ninayo. Lakini nimeshapiga maonyesho makubwa mawili matatu ya aina hiyo, na nimeona kwamba watu wakizidi idadi fulani, kofia zinakuwa nyingi kuliko masikio. Mtu anakuja kupigwa picha na buti. Hakuna anayeweza kumwinulia mwimbaji mkono na kumwambia habari za ripoti ya gadi. Muziki uliotungwa kuongea chumbani unalazimika kupiga kelele uwanjani, na mimi mpiga besi nalazimika kurudia yale ya hoteli. Malipo ni mazuri, sikatai. Madam hutupa kiasi kidogo na chakula, zinazobaki ni za kutuzwa na za M-Pesa, na tukigawana kwa wanne si za kujengea nyumba.

Mvua ilipopungua saa moja na nusu tukaanza tena, taratibu, kwa zile za mapigo matatu. Kwa mtu wa chakacha mapigo matatu ni nyumbani, na hapo Mwalimu huniruhusu kutembea kidogo kutoka kordi moja hadi nyingine. Wazee wawili waliinuka wakacheza na wake zao, wameshikana kwa adabu, na mhudumu akapita katikati yao na trei ya ugali bila kumgusa mtu.

Kama saa tatu hivi, Mwalimu akasema ana wimbo mpya, wake mwenyewe, na wa Kiswahili. Nilikuwa najua, kwa sababu alikuwa ameniletea maneno wiki nzima kwenye simu. Huku bara wakijua unatoka Pwani wanakuchukulia kuwa mshairi, upende usipende. Nilikuwa nimempangia vina tu. Wimbo ni wa dereva wa lori anayerudi nyumbani usiku, na ulianza hivi:

Natoka Malaba usiku, tangi limejaa mafuta,
Nashuka Mau Summit, machozi nayafuta,
Breki nimeikanyaga, giza linanivuta...

Kordi tatu, noti mbili, kila neno linasikika. Tulikuwa hatujafika kiitikio dereva akasimama, mikono miwili juu, kama anasimamisha gari.

"Simameni, simameni. Mwalimu, tangi linalotoka Malaba huwa tupu."

Tukasimama. Kwenye bendi ya hoteli ningeona ni ulevi. Hapa nilijishika nikiweka besi chini na kusubiri.

"Mafuta yanatoka huku chini yanapanda Uganda," akaeleza, sasa akiongea na baa nzima. "Hayashuki. Ukiniweka natoka Malaba na tangi limejaa, askari wa kwanza atanikamata, kwa sababu ni mafuta ya wizi. Halafu hiyo breki. Ukiikanyaga breki tangu Mau Summit na mzigo mgongoni, ukifika mteremko wa Sachangwan huna breki, una moshi. Unashuka na gia nzito, unaiachia injini ikushike. Breki unaigusa, unaiacha, unaigusa, unaiacha. Hakuna dereva atakayeimba huo wimbo. Tutaucheka."

Mwalimu hakukasirika hata kidogo. Alitoa kalamu. Akauliza, basi kinachoshuka kutoka Uganda kikiwa kimejaa ni nini?

"Kahawa. Mahindi. Mbao za Kongo. Na makontena matupu, lakini hayo hayaimbiki."

"Kahawa," nikasema, kwa sababu nilishaona kina. Lakini ukiiondoa mafuta, nayafuta inabaki yatima, na yale machozi yote yanakosa pa kukaa. Tulihitaji mstari wa pili unaoishia na wa. Mtu akasema "dawa". Mwingine akasema "sawa", na wakili akapendekeza jambo refu lenye neno "kuzawadiwa" ambalo halikuingia kwenye mizani hata tulipolisukuma.

Mzee wa reli akakohoa. "Kabla ya Mau Summit mnapita Timboroa. Reli pale inapita juu ya futi 9,000. Nimelala kituo kile. Mtu analia kwa baridi, si kwa mapenzi."

Ikapatikana hapo hapo:

Natoka Malaba usiku, nimebeba kahawa,
Baridi ya Timboroa haijapata dawa,

na machozi hatukuyahitaji tena. Tukaupiga mara ya pili kutoka mwanzo. Mstari wa breki Mwalimu aliugeuza ukawa wa gia nzito na injini inayonguruma, dereva akatikisa kichwa kwa kukubali, akiigusa breki ya hewani kwa mguu wa kulia. Mama fundi akauliza dereva amevaa nini huko Timboroa, akaambiwa koti, akauliza koti la kitambaa gani, na Mwalimu akamwambia hilo litangoja.

Saa tano kasorobo Madam akaanza kuzima taa za nyuma na kukusanya bili. Nilikuwa nakunja waya. Mwalimu alikuwa bado ameinama kwenye meza ya dereva, anaandika nyuma ya risiti ya choma, na wawili hao walikuwa wamekwama.

"Tanboi hayumo," dereva alikuwa anasema. "Mwalimu, nani anafunga turubai? Nani anaangalia magurudumu? Lori bila tanboi halikutoka Malaba."

"Nitamweka ubeti wa tatu," Mwalimu akasema.

"Ubeti wa tatu tumeshafika Nakuru. Njia nzima alikuwa wapi?"